Kiungo Fundi: Tumpime kwa Siku Ipi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoombwa kuzungumza, Katibu alidhani nitaeleza mambo ya utumishi wa umma, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Namwomba radhi. Nitasema juu ya mpira, tena juu ya ubishi ambao kila aliyepita kwenye kijiwe cha kahawa Dar es Salaam tangu mwaka 2018 ameusikia: yule kiungo kutoka Zambia, Clatous Chama, thamani yake ni ipi hasa?

Nikiri mapema kwamba mimi ni Simba. Ndugu zangu wa Yanga mnivumilie kidogo, zamu yenu inakuja.

Kuhusu ufundi wake hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa juu ya siku zake. Waliomlaumu walisema leo anatoa pasi ambayo hata mpokeaji hakujua kama nafasi ipo, na kesho dakika tisini zinakwisha mtu anamuuliza jirani yake kama Chama aliingia uwanjani. Hakabi, walisema, na akipoteza mpira anasimama kiunoni kama mwenye shamba anayetazama vibarua. Waliomtetea walijibu kwa neno moja tu: Nkana.

Vijana wengine hapa mlikuwa wadogo, kwa hiyo nieleze. Desemba 2018 Simba walifungwa 2–1 na Nkana kule Kitwe, katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Waliporudiana Uwanja wa Taifa, Nkana wakatangulia kufunga. Jonas Mkude akasawazisha, Meddie Kagere akaongeza la pili, na mambo yakawa sawa kwa sawa, tunaelekea penalti. Ndipo, mwishoni kabisa, Chama akaugusa mpira kwa kisigino ukaingia wavuni. Tatu kwa moja. Nilikuwa jukwaani siku ile, nikakumbatiwa na mzee nisiyemjua, na kofia yangu sikuiona tena.

Basi Simba wakaingia hatua ya makundi, na hapo ndipo penye somo. Nyumbani walishinda mechi zote tatu: JS Saoura 3–0, Al Ahly 1–0, na AS Vita 2–1, ambapo bao la ushindi alilifunga Chama dakika ya tisini, na bila bao hilo tusingefika robo fainali. Ugenini walifungwa zote tatu: tano kwa Vita, tano kwa Al Ahly, mbili kwa Saoura. Mabao kumi na mawili, bila wao kupata hata moja. Kijiweni ilisemwa kwamba Chama hupotea ugenini. Ni kweli hakuonekana, lakini niambieni nani alionekana? Timu nzima ilipotea, ila yeye ndiye tuliyemtafuta kwa macho, maana hakuna anayekwenda uwanjani kumtafuta beki wa kulia.

Hata hivyo sitaki kuwaonea waliomlaumu. Mtu asiyerudi kukaba anakabiwa na mwenzake. Nyuma ya kisigino kile walikuwapo akina Mkude na James Kotei, waliokimbia mbio zao na sehemu ya mbio za mwenzao, wala hakuna aliyewatungia majina ya sifa kama yeye alivyoitwa Mwamba wa Lusaka. Anayemtetea Chama bila kuwataja hao, mimi namwona amesimulia nusu ya hadithi. Maoni yangu ni kwamba kiungo wa namna hii ana thamani kubwa katika timu inayokubali kumbeba, na ni mzigo katika timu inayoshindwa. Machi 2023 tuliwafunga Horoya 7–0, matatu yakiwa yake. Timu hiyo hiyo, mwezi mmoja kabla, ilikuwa imefungwa 3–0 na Raja hapo hapo Dar es Salaam.

Kisha ukaja Julai 2024, akahamia Yanga. Ndugu zangu, nilicheka mpaka nikalia. Watu wa Simba waliomtetea kwa miaka sita waligundua asubuhi moja kwamba amezeeka na hakabi. Watu wa Yanga waliomwita mvivu waligundua asubuhi hiyo hiyo kwamba ni fundi asiye na mfano. Miguu ilikuwa ile ile. Nilitambua kwamba kila mmoja wetu alikuwa amejichagulia siku ya kukumbuka.

Nami nina siku yangu niliyoichagua vibaya, tena hapa hapa shuleni.

Mwaka 1998 nilikuwa nahodha wa timu ya shule. Tulikuwa na kiungo ambaye wenzangu wa mwaka ule hamhitaji nimtaje. Jumapili alikuwa hashikiki. Alhamisi, siku ya mechi za majaribio, alicheza kama mtu aliyefungwa mawe miguuni. Kabla ya mashindano ya kanda mwalimu wa michezo aliniuliza: tumchukue au tumwache? Nikajibu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba huyu hucheza akipenda. Akaachwa. Tulifungwa 1–0, tukiwa na mpira muda mrefu na bila mtu hata mmoja wa kuupenyeza.

Miaka kumi na moja baadaye tulikutana msibani, tukakaa pamoja usiku kucha. Ndipo aliponiambia, bila kinyongo, kwamba kila Jumatano, siku ya gulio, alikuwa akitoroka kwenda kubeba magunia ili apate ada. Alhamisi mgongo ulikuwa hauinuki. Hakumwambia mtu kwa sababu aliona haya. Nami niliyelala kitanda cha pili kutoka chake sikuwahi kumuuliza Jumatano alikuwa wapi.

Siku hizi, kila mwaka, hupitia fomu za tathmini za watumishi. Nikikuta mtu aliyefanya vizuri nusu mwaka na vibaya nusu nyingine, simwekei alama kabla sijamwita ofisini. Wengine huwa ni wavivu kweli, na nawaandika hivyo.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Saa kumi kuna mechi ya wazee na vijana, na nimepewa kazi ya kupanga timu ya wazee. Yule bwana yupo, amekaa safu ya tatu. Ameniambia goti linamsumbua, hawezi kuzidi dakika ishirini, wala hatakaba mtu. Nimemwandika namba kumi. Tutakaotakiwa kukimbia kwa niaba yake tukutane nyuma ya bwalo saa tisa na nusu.