Kiti cha Heshima: Lishe na Mwendo wa Wazee wa Shinyanga na Geita



Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 mnaifahamu, sitaichambua upya. Kilichonileta hapa ni kauli niliyoisikia warshani, ikapigiwa makofi: kwamba mzee amekwisha kufanya kazi yake, sasa haki yake ni kupumzika na kula vyakula laini.

Kauli hiyo imevaa heshima, ndiyo maana inadhuru bila kupingwa. Nendeni Geita. Kijana aliyebahatika kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, humjengea mama yake nyumba ya bati, akamletea sofa na binti wa kuchota maji. Nia ni njema kabisa. Lakini mama aliyezoea kwenda kisimani na kupukuchua mahindi sasa anashinda ameketi, na chai na mkate ndio mlo wake. Muda si mrefu, hainuki kitini mpaka ashikwe mkono. Ukoo unasema ni uzee. Mimi nasema ni kiti.

Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti ninaourudia kila muhula. Huko Boston waliwachukua wakazi 10 wa makao ya wazee, wenye wastani wa miaka 90, wakawanyanyulisha uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu za wale 9 waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90, jamani! Mwaka 1994 wakarudi na wazee 100. Mazoezi yaliwatia nguvu; chakula cha nyongeza peke yake hakikufanya hivyo.

Wapo watakaosema bibi wa Kishapu, Shinyanga, anayelima tangu alfajiri hahitaji mazoezi. Hoja hiyo ina uzito, lakini jembe bila mboga ya kutosha humla mkulima mwenyewe. Wataalamu wengi wanapendekeza mzee apate walau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Ugali wa udaga kwa mlenda haufiki huko. Bibi yangu aliwagawia wajukuu dagaa, yeye akachovya tonge kwenye mchuzi uliobaki. Tulidhani ndivyo apendavyo. Dagaa, choroko, dengu, karanga na mtindi vimejaa masokoni kwetu. Kasoro iko kwenye mgawo.

Nimepima pande zote, na bado nashikilia kwamba miguu ndiyo ya kwanza. Kwenye dirisha la wazee hospitalini, baada ya presha na sukari, mzee aombwe ainuke kitini mara 5 bila kujishika, na matokeo yaandikwe. Majumbani, tumwachie kazi anayoiweza, tumpakulie dagaa kabla ya watoto, na tuache kuuita heshima uvivu tuliomlazimisha.