Kanuni Zikibadilika, Tusigombane

Vijana wenzangu wa Ringwani! Leo tuzungumze juu ya bao.

Je, kundi lenu limezoea bao la kujifunza na sasa mnataka kuhamia bao la kiswahili? Ubao ni uleule: mashimo 32, kete 64. Lakini katika bao la kujifunza kete zote hupangwa mbilimbili tangu mwanzo. Katika bao la kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba. Zile 22 hubaki mkononi, anazinamua moja moja. Zikiisha, ndipo mtaji unaanza.

Hapo wasiwasi huingia. Bingwa wa jana anaogopa kuchekwa. Anayejifunza anaogopa kuambiwa kanuni mpya wakati kete zake zimeshaliwa! Matusi yanaanza, hata ngumi, na wengine wanaacha kabisa kuja kijiweni.

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani ulioanza Marekani mwaka 1974; kila mchezaji huigiza mhusika katika hadithi moja. Kanuni zake mpya zilitoka mwaka 2024, lakini wachezaji walianza kuzijaribu na kutoa maoni tangu 2022.

Nanyi fanyeni hivyo. Kaeni wote, wasichana kwa wavulana, mkubaliane kanuni na kuziandika. Chezeni wiki mbili bila kuhesabu mshindi. Asiyeelewa aulize. Mkishakubaliana, mtu asigeuze kanuni katikati ya mchezo. Bao ni la kujenga urafiki, au siyo?