Karamu ya Noeli na Mama Aipikaye

Jioni ya leo twataka kunena nanyi habari za karamu ya Noeli, na hasa habari za yule aipikaye.

Hapa Kibaoni, katika nchi ya Mpimbwe, Noeli huja wakati mgumu. Mvua zilizoanza mwezi wa Novemba zimeshika, kuni zimelowa, watu wamo mashambani, na mahindi ya msimu uliopita yapungua ghalani. Ndipo wageni wawasilipo: ndugu kutoka Mpanda, mashemeji na wajukuu, hata watu 20 huwa chini ya paa moja.

Mwaka mmoja nyumbani kwetu mama alipika peke yake tangu alfajiri. Sisi sote tulikwenda kanisani, yeye akabaki na moshi. Chakula kilipokwisha kupakuliwa, saa kumi, tulimkuta ameketi kando ya mafiga, amelala usingizi, wala hajatia kitu kinywani. Tuliona haya. Mwaka uliofuata tuligawanya kazi, na mgawanyo huo ndio tuwaleteao.

Kwanza, juma moja mbele, vijana wakate kuni na kuzipanga chini ya paa, zisinyeshewe. Pili, siku mbili mbele, wasichana na wavulana pamoja wapepete mchele na kuchagua mawe. Kwa watu 20, wakubwa na wadogo, kilo 3 zatosha ikiwa pana maharage na nyama. Tatu, usiku wa kuamkia sikukuu, maharage yalowekwe. Yataiva upesi na kuni hazitaliwa sana. Wapishi waende misa ya usiku, na wengine waende ya asubuhi. Hivyo hakuna akosaye ibada.

Siku yenyewe wanaume wachinje mbuzi mapema na kumchuna, wala wasingoje kuitwa. Maharage yatangulie motoni, nyama ifuate, wali uwe wa mwisho. Kwa kikombe kimoja cha mchele tia viwili vya maji. Yakikauka, funika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Wali utaiva wenyewe, na mpishi atapata nafasi ya kuoga na kuvaa nguo yake ya sikukuu. Tena apakuliwe pamoja na wageni, si baada yao.

Chakula kilichobaki kisilale chunguni hata kesho. Wali uliokaa kutwa katika joto waweza kuumiza tumbo, hata ukipashwa moto tena. Heri kupika kwa kipimo.

Neno la mwisho ni la ghala. Kabla ya kualika watu, tenga mbegu, kisha tenga chakula cha kuwafikisha watoto kwenye mavuno. Kisaliacho ndicho cha karamu. Kikiwa kidogo, kila nyumba ije na kibaba chake; si aibu. Aibu ni kushiba siku moja na kukopa mahindi mwezi wa Februari.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nasi twaongeza: siku ya kwanza mpe ndoo akateke maji. Atafurahi, na mama atapumzika.

Haya, kwaherini. Twawatakia Noeli yenye amani.