Sayansi kwa Vitendo Kidato cha Kwanza na cha Pili: Safari Hii Tuchangie Nini?

(Mada iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa sayansi katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)



Nimepewa dakika ishirini, na Katibu ameshanionya kwamba walimu wastaafu hatusikii kengele. Nitajitahidi.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ile nikifundisha kidato cha pili huko kwetu Nachingwea, siku moja tulipata vipimajoto sita. Darasa lina wanafunzi sitini na kitu, nikawagawa makundi sita. Kazi ilikuwa nyepesi: chemsheni maji, someni kipimajoto maji yanapotokota, andikeni. Makundi matano yakaandika nyuzi 100. Kundi la sita, mwandishi wao alikuwa binti mmoja mpole wa dawati la nyuma, likaandika 98.5. Nikaweka kosa kwa wino mwekundu. Yule binti akasimama akasema, "Samahani mwalimu, lakini ndivyo kilivyosoma." Nikamwambia akae, kitabu kinasema 100.

Jioni neno lake likanisumbua. Nikachukua kipimajoto, nikachemsha maji nyumbani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote hazikufika 99. Ndipo nikakumbuka nilichofundishwa chuoni: maji hutokota kwa nyuzi 100 pale usawa wa bahari. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito, maji yanatokota mapema, na kila mita 300 hivi zinapunguza kama nyuzi moja. Nachingwea iko zaidi ya mita 400 juu ya bahari. Binti alikuwa sahihi. Makundi matano yalinakili kitabu, ama yaliona ukweli yakaogopa kuuandika. Na mwalimu wao aliwapa vema.

Kesho yake nilimrudishia alama zake mbele ya darasa. Nawasimulia haya kwa sababu hapo ndipo lilipo lengo la sayansi katika miaka ile miwili ya mwanzo ya sekondari. Mtoto wa kidato cha kwanza na cha pili hatumtarajii agundue dawa. Tunataka ashike kifaa, aweke jicho sawasawa na alama, asome, aandike namba pamoja na kizio chake, arudie, kisha aseme alichokiona na si alichotarajia kukiona. Tunataka pia ajue kuwasha moto na kuuzima bila kujiunguza, na asionje wala kunusa ovyo kitu asichokijua. Mtaala wetu tangu 2005 unasema tujenge umahiri. Umahiri wa namna hii hauingii kichwani kwa kukariri. Unaingilia mikononi.

Sasa tuseme ukweli wa hali ilivyo. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Wananchi tulichanga, na wengi mliomo humu ukumbini mlituma fedha, saruji na mabati. Lilikuwa agizo jema na sisemi vinginevyo. Lakini sote tunayajua maboma yaliyoishia kwenye lenta, na tunayajua pia majengo yaliyokamilika, yakapakwa rangi, yakafunguliwa kwa ngoma, kisha yakageuka stoo ya madawati mabovu. Shule moja niliyoitembelea baada ya kustaafu, sitaitaja, ina bika na mirija ya majaribio bado kwenye maboksi yenye gundi ya kiwandani. Mwalimu akaniambia kwa upole, "Babu, vikivunjika nitalipa mimi." Sikumlaumu. Chumba hakina maji, hakina gesi, hakina mtu wa kuosha na kuhesabu vifaa, na yeye ana vipindi thelathini kwa wiki.

Matokeo yake yanaonekana kidato cha nne. Katika mtihani wa taifa, somo kama kemia lina karatasi ya nadharia yenye alama 100 na ya vitendo yenye alama 50. Theluthi nzima ya alama iko mikononi. Mtoto ambaye mara yake ya kwanza kushika bureti ni wiki mbili kabla ya mtihani, mikono inatetemeka, anafungua koki yote, asidi inapita kiwango, na hesabu yake yote inaharibika hata kama kanuni anaijua kwa moyo. Walimu wengi tuna tabia hiyo: vitendo tunavifungia hadi kidato cha nne, tunaviita "maandalizi ya mtihani". Ni kama kumfundisha mtu kuogelea siku ya mafuriko ya Mto Mbwemkuru.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana kwenye harambee. Mtoto wetu anatoka darasa la saba amesoma kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, fizikia, kemia na biolojia zote zinageuka Kiingereza siku hiyo hiyo. Anakuwa na matatizo mawili kwa wakati mmoja, somo geni na lugha ngeni. Nilichojifunza kwa miaka yangu darasani ni kwamba neno la kigeni linakaa kichwani kama kitu chenyewe kimekaa mkononi. Mtoto aliyemimina maji kutoka kwenye bika hasahau jina lake. Asiyewahi kuiona anaandika jina hilo kwa tahajia nne tofauti katika ukurasa mmoja. Kwa hiyo vitendo si anasa ya shule za mjini. Kwa mtoto wa Ruangwa vitendo ni nusu ya somo la lugha.

Vifaa vyenyewe? Vingi vimelala nyumbani kwetu. Chukua ufuta kidogo, uponde, usugue kwenye karatasi nyeupe, uinue karatasi kwenye mwanga. Alama inayopitisha mwanga na isiyokauka ndiyo mafuta. Hilo ni jaribio halali la biolojia na gharama yake ni punje za ufuta. Dondoshea iodini kwenye kipande cha muhogo, kinageuka bluu inayokaribia weusi, hiyo ni wanga. Chupa ndogo ya iodini ukiipunguza kwa maji inahudumia madarasa mengi. Kamua bibo, chuja maji yake, changanya na myeyusho wa Benedict, pasha moto taratibu, utaona rangi ikitoka bluu kwenda kijani, njano hadi nyekundu ya tofali. Sukari hiyo. Mabibo yanaoza chini ya mikorosho yetu kila msimu, na shule iko mita hamsini kutoka hapo.

Salfa tunayopuliza kwenye mikorosho ni elementi kamili, iko kwenye jedwali la kemia ukutani. Ubwiri unga tunaoupiga nao vita ni kuvu, na kuvu wamo kwenye silabasi ya biolojia. Mafuta ya ganda la korosho yanavyounguza vidole vya mama zetu wanaobangua ni somo la usalama lisilohitaji picha. Ndani ya penseli mnamo kinywe, madini yale yale ya Matambarale na Chilalo ambayo kila siku tunayasikia kwenye taarifa za wawekezaji. Unganisha betri, waya, taa ndogo na kipande cha ule wino wa penseli, taa itawaka, ingawa kwa unyonge. Mtoto wa Ruangwa ajue kwa nini dunia inayataka madini hayo kutengeneza betri, kabla hajasimama getini kuomba kazi ya ulinzi.

Na mizani. Ndugu zangu wakulima, ni mara ngapi tumegombana kwenye AMCOS juu ya kilo na unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho zikikauka? Pima gramu mia tano za korosho mbichi leo, zianike siku tatu, pima tena, tafuta asilimia. Kijana wa kidato cha pili aliyefanya hivyo kwa mkono wake mara tatu, siku RUNALI inapotangaza bei mnadani, hakuna wa kumdanganya baba yake kwenye hesabu.

Mkiona nashikilia sana habari ya kupima, kumbukeni sisi ni watu wa mradi wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka mapori Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea kwa ajili ya mashamba makubwa ya karanga. Walileta matrekta na wakajenga reli kutoka pwani. Udongo na mvua havikupimwa vya kutosha kabla ya kuanza. Kule Kongwa udongo ulikauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukafutwa pamoja na hasara ya pauni milioni 36 hivi, na reli yetu haikufika mbali baada ya Uhuru. Wasomi wakubwa, fedha nyingi, na kilichokosekana ni lile zoezi la kidato cha kwanza.

Sasa nifike kwenye mchango. Kamati imependekeza mwaka huu tujenge jengo jingine la maabara. Naheshimu Kamati, lakini naomba mniruhusu nipinge kidogo. Majengo tuliyonayo hayajafanya kazi. Napendekeza robo tatu ya fedha za mwaka huu ziende kwenye vitu vinavyokwisha: iodini, myeyusho wa Benedict, spiriti ya taa, asidi na besi kwa kiasi, mirija ya kufidia iliyovunjika, betri na taa ndogo. Pia tangi la maji kwa kila shule isiyo na maji, kabati lenye kufuli, na posho ya kijana mmoja aliyesomea ufundi sanifu wa maabara, azunguke shule sita, tatu za Nachingwea na tatu za Ruangwa, akiosha, akihesabu na kuandaa vipindi. Vijana wetu wenye diploma hiyo wapo nyumbani, wengine wanaendesha bodaboda. Bodaboda hiyo hiyo ibebe sanduku la vifaa.

Najua mtasema jengo linaonekana, lina kibao cha marumaru chenye majina yetu, na iodini haina kibao. Ni kweli. Mtasema vitu hivyo vitaisha. Navyo viishe! Chupa iliyobaki imejaa mwaka mzima ndiyo hasara yetu. Mtasema elimu ni bila ada tangu 2016, serikali ilete. Serikali inaleta walimu na ruzuku, na ruzuku hiyo ina watu wengi wanaoisubiri. Kuhusu nani aanze kati ya Nachingwea na Ruangwa, nasikia minong'ono huko nyuma, tuanze siku moja pande zote mbili. Ndugu zangu wa Ruangwa mna Namungo inayowapa raha Ligi Kuu, hamtatunyima sisi walau chupa ya iodini.

Sharti langu ni moja. Kila shule itakayopokea sanduku ituletee daftari mwishoni mwa muhula: jaribio gani lilifanyika, tarehe, wanafunzi wangapi walishika kifaa kwa mikono yao, na wangapi kati yao ni wasichana. Nimeona mara nyingi kwenye kundi, mvulana ndiye anashika, msichana ndiye anaandika. Hapo tunaua nusu ya darasa kimyakimya.

Mimi naanza na shilingi 60,000, yaani 5,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, na vipimajoto vyangu viwili vya zamani ambavyo bado vinasoma sawa. Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina, meza ile ya kushoto. Ukijaza, andika pembeni jina la shule uliyosoma, ili mwakani tukusomee daftari lake.

Katibu, naona umesimama. Nimemaliza.