Ngoma ya Ukoo

Leo ninataka tuongee juu ya vitu: ngoma, milango, mabati, vyungu. Katika mikutano ya amani tunaongea sana juu ya waliokufa na mashamba yaliyochukuliwa, na hiyo ni haki. Lakini vitu vilivyobebwa tunavinyamazia, na ndivyo ambavyo mtu huviona kila siku akipita mbele ya nyumba ya jirani.

Jambo hili lilinijia Kampala. Mimi na rafiki yangu tulivuka ziwa kwa boti mpaka Ntoroko, tukapanda gari kupitia Fort Portal, twende kuuliza bei ya nyuzi za nyavu. Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha kama imetumwa. Njia za bondeni zilijaa maji, na dukani hatukuweza kufika. Rafiki yangu akasema: basi, twende nyumba ya makumbusho, kule angalau kuna paa.

Sitawatajia kabila lake wala langu. Nikitaja, nusu yenu mtaanza kunisikiliza kwa sikio moja. Jueni tu kwamba mwaka 2003 kijiji chake na changu vilikuwa pande mbili, na kwamba tulianza kusalimiana tena ziwani kwa sababu ya samaki.

Nyumba ile iko juu ya kilima cha Kitante. Makumbusho yenyewe yalianza mwaka 1908, wakati wa Waingereza, katika ngome ya zamani pale Old Kampala. Waganda wa wakati ule waliiita nyumba ya mayembe, yaani nyumba ya madawa ya wachawi, kwa maana ndani yake vilikusanywa vitu vya mizimu na vya waganga, na watu wengi waliogopa kuingia. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1954. Aliyelichora ni Ernst May, Mjerumani ambaye utawala wa Hitler ulimzuia kurudi kwao, akaja Afrika mwaka 1934. Na aliyekuwa mkuu wa makumbusho wakati huo ni Klaus Wachsmann, Mjerumani mwingine, aliyefukuzwa kazini kwao kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Yeye alifika Uganda mwaka 1937. Baadaye alizunguka nchi nzima akirekodi nyimbo na kuandika namna kila chombo kinavyotengenezwa. Basi ninyi mnaokaa chini ya turubai, sikieni hilo: wawili waliofungiwa kwao ndio walioijengea Uganda nyumba ya kutunza urithi wake. Mimi nilifurahi kulijua hilo kuliko mambo mengine yote ya siku ile.

Vyombo vya muziki vimepangwa kwa namna ya kupigwa. Ngoma ziko pamoja, vya kupuliza pamoja, vya nyuzi pamoja. Unaweza kukuta filimbi ya watu wa kaskazini karibu na filimbi ya watu wa kusini, na usiposoma karatasi hujui ipi ni ya nani. Tuliona adungu, kinubi cha Waaluri, na Waaluri mnawajua, wako Uganda na wako kwetu Mahagi, mpaka uliwakata katikati. Halafu tukafika kwenye likembe. Mimi nikasema, hii ni yetu. Rafiki yangu naye akasema, hapana, hii ni ya kwetu sisi. Tukaanza kubishana kweli, watu wazima wawili wenye nguo zinazochuruzika maji! Kumbe wanaojua historia ya muziki wanasema likembe ilifika kaskazini ya Uganda kutoka upande wa Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, mikononi mwa wapagazi na vibarua. Mtu alibeba mzigo wa mzungu kichwani, na jioni akapiga likembe yake. Mwenyeji akaisikia, akaomba kuonyeshwa. Hakuna kabila lililoipeleka kwa vita.

Tuliona pia kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho UNESCO ilikiheshimu mwaka 2005 kuwa urithi wa watu wote. Nikawaza Mambasa. Wambuti wa msitu wetu wa Ituri nao hupiga gome: wanaume hulipondaponda mpaka linakuwa laini, wanawake hulichora kwa maji meusi ya matunda ya mwituni. Michoro ya mama hao imetundikwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Amerika, na watu hulipa ili waione. Na sisi majirani zao? Tunamwita Mmbuti majina ambayo sitayasema hewani.

Mvua haikupungua. Tungekuwa tumetoka baada ya nusu saa kama kawaida ya watu, lakini tulikaa mpaka saa kumi, tukirudi mara kwa mara kwenye zile ngoma. Huko Buganda kila ukoo una mdundo wake, na mtu akiusikia kwa mbali anajua ni nani wanaoitwa. Hapo rafiki yangu akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, bila kunitazama: "Ngoma ya ukoo wetu iko kijijini kwenu. Watu wameiona. Inapigwa kwenye arusi."

Nilimuuliza anataka nini. Alifikiri, akajibu: "Kesi siitaki, na malipo siyataki. Nataka iletwe na mtu anayejua jina lake." Kwa maana ngoma ile ina jina, na wanaoipiga sasa hawalijui.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapowageukia machefu. Mwaka 2024 chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilirudisha Uganda vitu 39 vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, zaidi ya miaka mia iliyopita. Vimerudi kwa kuazimwa! Mwenye mali anaazimwa mali yake. Tunacheka, na tuna sababu ya kucheka. Kinshasa nako, mwaka 2022, mfalme wa Ubelgiji alileta kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu, nacho pia kwa jina la mkopo. Lakini hao wana bahari katikati. Kati ya kijiji changu na cha rafiki yangu kuna mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Mimi naona baraza lingeweza kuanza hivi. Watangaze siku ya soko kwamba kila familia iliyopoteza kitu chenye jina au alama, ngoma, kiti cha mzee, kengele ya kanisa, picha ya marehemu, iseme kwa mwandishi wa baraza. Mabati na mbuzi viachwe kwanza, kwa maana hapo hesabu zitazaa ugomvi mpya. Iwepo fasi moja isiyo ya upande wowote, shule au kituo cha afya, ambapo mtu anaweza kuacha kitu usiku bila kuulizwa alikipata wapi. Na asitajwe. Najua wengine mtasema huku ni kumficha mwizi. Labda ndivyo. Lakini wengi walio na vitu hivyo leo walikuwa watoto wakati ule, au walivinunua sokoni kwa franga zao, na ukiwaita wezi mbele ya watu watavitia moto ili wasionekane.

Ngoma ya rafiki yangu bado haijarudi. Nilipofika nyumbani nilimwendea mzee mmoja wa kwetu, nikamweleza jina lake. Alilirudia mara mbili kwa sauti ndogo, akaniambia nimpe muda mpaka aongee na wenye arusi.