TETEMEKO LA ARDHI NA MLANGO ULIOFUNGWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wawakilishi wa matawi)



Nimeombwa niseme juu ya matetemeko ya ardhi. Najua wengine wenu mwaulizana: tumekuja kuzungumza habari za mishahara na saa za kazi, na huyu atuletea habari za ardhi kutikisika? Nawaomba subira. Jambo hili ni la chama kama mshahara ulivyo wa chama, maana mshahara hupokewa na aliye hai.

Kwanza, tusidanganyane kwamba tetemeko ni mambo ya nchi za mbali. Bonde la Ufa lilifanyika kwa sababu ardhi yapasuka na kuachana polepole, na mpaka leo haijaacha. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 ardhi ya Subukia ilitikisika kwa kipimo cha 6.9, na ufa wa kiasi cha kilomita 38 ukaonekana juu ya nchi. Siku zile watu wa huko walikuwa wachache, na majengo mazito yalikuwa machache zaidi. Leo Nakuru, ambayo haiko mbali na hapo, ni jiji tangu mwaka 2021, lenye viwanda, magodauni na nyumba za ghorofa.

Sasa tazameni jirani zetu wa Bukoba, Tanzania. Tarehe 10 Septemba 2016 walipatwa na tetemeko la kipimo cha 5.9. Kwa nguvu, lile la Subukia lilikuwa kubwa kulilo hili kiasi cha mara 30. Hata hivyo Bukoba walikufa watu wasiopungua 17, nyumba nyingi zikabomoka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa. Mbona dogo liliua? Mtu aliye uwanjani ardhi ikitikisika huanguka, akainuka. Aliye chini ya ukuta wa matofali usiofungwa kwa chuma wala kwa saruji ya kutosha, huyo ndiye asiyeinuka. Kuzuia ardhi isitikisike hatuwezi. Ukuta ni kazi ya mikono ya watu, na mlango ni amri ya watu.

Ndugu zangu, hapo ndipo chama kinapoingia, na nitawapa mfano wa Mexico.

Tarehe 19 Septemba 1985, saa moja na dakika 19 asubuhi, mji mkuu wa nchi hiyo ulitikiswa na tetemeko la kipimo cha 8. Chanzo chake kilikuwa pwani, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, lakini sehemu kubwa ya mji ule imejengwa juu ya tope la ziwa la kale, na tope likitikiswa huongeza mtikiso. Maelfu walikufa. Katika mtaa wa San Antonio Abad kulikuwa na viwanda vya nguo ndani ya majengo ya ghorofa. Ghorofa za juu zilipakiwa mashine nzito na marobota ya vitambaa, mzigo ambao nguzo hazikuuweza. Akina mama washonaji walikuwa wameingia kazini mapema. Majengo yaliwaangukia, wakafa kwa mamia.

Wenzao waliosalia walikesha barabarani kando ya kifusi. Hapo waliona jambo ambalo wafanya kazi wa Mexico hawajalisahau: matajiri walikuja kutoa mashine na masanduku ya fedha, na huku watu wangali chini ya mawe. Wengi wa akina mama wale hawakuwa na chama cha kuwatetea. Basi wakajipanga pale pale, wakaandamana, wakadai fidia, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wakasajili chama chao, wakakiita kwa tarehe ya msiba: Chama cha Taifa cha Washonaji, 19 Septemba.

Tangu hapo Mexico hufanya zoezi la kujiokoa kila mwaka tarehe hiyo. Mwaka 2017 walifanya zoezi saa tano asubuhi. Saa saba na dakika 14 mchana wa siku ile ile, ardhi ikatikisika kweli. Zoezi lilisaidia wengi kujua la kufanya, lakini katika mtaa wa Chimalpopoca jengo la kazi lilianguka tena, na washonaji wakawa miongoni mwa waliokufa. Miaka 32 ilikuwa imepita. Kwa hiyo, ndugu, zoezi bila jengo imara ni nusu ya kazi.

Na sisi je? Hapa kwetu nyumba huanguka hata bila tetemeko. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ilitosha kuangusha jengo la ghorofa sita huko Huruma, Nairobi, na watu karibu 50 wakafa. Kama mvua yaweza hivyo, tetemeko la Subukia likirudi litafanya nini? Si kwamba hatukujua: tangu mwaka 1973 Kenya ilikuwa na mwongozo wa kujenga kwa kujihadhari na matetemeko. Mwongozo usiofuatwa ni karatasi tu.

Sheria nayo tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama. Mlango usifungwe hata usifunguke upesi toka ndani wakati watu wamo. Mwajiri aweke utaratibu wa kutoka wakati wa hatari, na aujaribu mara kwa mara. Basi kila mwakilishi akirudi kwenye tawi lake afanye haya:

1. Aulize kamati ya usalama iko wapi, na ilikutana lini. Kama haipo, idaiwe kwa barua.

2. Ajaribu kila mlango wa kutokea kwa mkono wake mwenyewe, hasa wakati wa zamu ya usiku.

3. Atazame nyufa za kuta na nguzo, na mizigo iliyo ghorofani. Vitu vizito vishushwe chini. Rafu zifungwe ukutani.

4. Adai zoezi, na mahali pa wazi pa kukutania na kuhesabiana.

5. Wote wajue swichi kubwa ya umeme na bomba la gesi vilipo, na nani atavifunga.

Ardhi ikitikisika, usikimbilie ngazi wala lifti. Inama chini, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, shikilia hata itulie. Kaa mbali na vioo na rafu. Ukiwa nje, epuka kuta na nguzo za umeme. Mtikiso ukiisha, tokeni kwa utaratibu, msirudi ndani mpaka jengo likaguliwe, kwa maana mitikiso mingine hufuata. Walio pwani, wakiona bahari imerudi nyuma ghafula, wapande mahali pa juu mara moja.

Wako watakaosema haya ni ya Mungu. Ardhi ni ya Mungu, kweli. Lakini kufuli la mlango ni la kiwanda, na ufunguo wake una mtu auwekaye mfukoni. Akina mama wa Mexico walipata chama baada ya kuzika wenzao. Sisi chama tunacho tayari. Kitumieni kabla ya msiba.

Umoja ni nguvu.