WAGENI WA MVUA ZA KWANZA

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanakijiji, penye ghala la pamba. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa mashambani.)



Leo sisemi habari za michango. Leo nasema habari za ndege. Najua wengine mtacheka, mtasema Katibu kaishiwa maneno. Haya, chekeni, halafu msikilize.

Kila mwaka Oktoba na Novemba, tukiwa tunangoja mvua, wageni wanafika. Mbayuwayu wanajipanga juu ya nyaya. Korongo weupe wenye mdomo mwekundu wanatembea mbugani. Korongo weusi wenye tumbo jeupe nao wanakuja, na watu wakiwaona wanasema mvua imekaribia. Hao weusi wanatoka kaskazini, upande wa Sudani, ambako hujenga viota hata juu ya mapaa ya nyumba za watu. Wale weupe wanatoka Ulaya, Polandi na Ujerumani, wanakimbia baridi. Mbayuwayu naye, uzito wake kama gramu 20 tu, anatoka huko huko.

Zamani Wazungu hawakujua ndege wao huenda wapi. Wengine walidhani mbayuwayu hujificha kwenye matope ya ziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki shingoni, urefu wake kama sentimita 80. Wataalamu wakautazama, wakaona umetoka Afrika. Kumbe ndege alichomwa huku, akarudi nao mpaka kwao! Yuko hata leo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Sasa mtauliza, sisi tunapata nini? Korongo anakula panzi, nzige na viwavijeshi. Ninyi mnawajua viwavijeshi. Wakiingia shamba la mahindi, siku chache yanabaki mabua. Korongo anatufanyia palizi ya wadudu, wala hadai posho.

Lakini sisi tunawapokeaje? Vijana kwa manati. Na baya zaidi, wapo wanaochanganya mtama na dawa ya pamba, wakamwaga shambani. Nasema hivi kwa sababu hata mimi nilifanya. Jioni nilikuta kuku saba wa mke wangu wamekufa, na mtoto wangu ameokota njiwa wawili, yuko jikoni anawachoma. Nilimnyang'anya mkononi. Ile chupa ya dawa ilikuwa na maandishi. Fuvu niliona, maandishi sikuyajua. Nilipoingia darasa la watu wazima ndipo nikayasoma: SUMU.

Hapo mama mmoja akasimama akauliza: "Katibu, na kweleakwelea je? Hao nao tuwawekee viti?" Watu wakacheka sana. Swali ni zuri. Kweleakwelea siye mgeni wa Ulaya, ni wa hapa hapa Afrika, na ni adui wa mtama na mpunga. Mmoja anamaliza kama gramu 10 kwa siku. Fanyeni hesabu: wakiwa milioni moja ni tani 10. Wakitokea, tumwite bwana shamba mapema, ni kazi ya serikali. Sumu ya kumwaga nyumbani haichagui kweleakwelea, njiwa, kuku wala mtoto. Na baada ya ndege ya serikali kunyunyiza dawa, ndugu zangu, msiokote kitoweo.

Tukumbuke pia kwamba mkoa wetu wa Shinyanga ulikuwa umebaki kama uwanja. Miti ilifyekwa kwa ajili ya mbung'o, kwa ajili ya kweleakwelea, na kwa ajili ya pamba. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 na kuendelea mpaka 2004, watu wakarudisha ngitili. Miti iliporudi, ndege waliokuwa wameadimika nao wakarudi. Hakuna aliyewaita.

Basi mkutano ulikubaliana haya:

1. Kila kaya iweke gae la maji kivulini, kina cha vidole viwili, libadilishwe kila asubuhi.

2. Chenga za mtama baada ya kupepeta ziachwe chini ya mti, mbali na shamba. Lakini mjue, korongo na mbayuwayu hawali nafaka. Chakula chao ni wadudu, kwa hiyo tusichome moto ovyo mbugani.

3. Dawa ya pamba isichanganywe na chakula chochote. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo inakataza kuwinda kwa sumu.

4. Ndugu zetu wachimbaji walioko Geita waambiwe: mabwawa ya sayanaidi yafunikwe na kuzungushiwa uzio. Ndege mwenye kiu hajui kusoma kibao, wala ng'ombe.

5. Wazazi wazuie manati. Watoto wahesabu ndege badala ya kuwapiga.

Atakayemwona korongo wa kwanza mwaka huu aje aandike tarehe chini ya bango hili, nafasi nimeiacha. Asiyejua kuandika asione haya. Aje darasani Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, tutamwonyesha. Mimi mwenyewe nilianzia hapo.

Ni mimi,
Katibu wa Tawi